Spika ya Kanisa

Sisi hatukuwa na vyombo. Naanza na jambo hilo kwa sababu kila ninapomweleza mtu kuwa niliwahi kupiga katika bendi ya roki hapa Morogoro, swali lake la kwanza huwa, "Mlikuwa mkipigia wapi?" Hapo hapo najua kuwa huyo hajawahi kuwa mwanamuziki. Mwanamuziki angeuliza, "Vyombo vya nani?" Bendi katika nchi hii ni vyombo kwanza, watu baadaye. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na vyao, jeshi lilikuwa na vyao, na matajiri walipoingia katika biashara hiyo nao wakaja na vyao. Ukiona wapiga magitaa wanahamahama kutoka bendi hii kwenda ile, usiwaite malaya wa muziki kama magazeti yanavyopenda kuwaita. Gitaa analoliacha na gitaa analolifuata yote si yake.

Vyetu vilikuwa vya kanisa. Gitaa moja la solo, besi moja iliyobakiwa na nyuzi tatu badala ya nne, kinanda, dramu, miksa, spika mbili kubwa za mbele na moja ndogo ya kuweka sakafuni, ile inayowasikilizisha waimbaji sauti zao wenyewe. Hiyo ndogo ndiyo hasa ninayotaka kuisimulia, lakini haitoki peke yake.

Tulikuwa wanne, wote kidato cha tatu mwaka 2014, shule moja ya kutwa, wote tumefundishwa kupiga na mwalimu wa kwaya. Sitawataja majina. Hata wakati ule hatukuitana majina, tuliitana vyombo. Kulikuwa na Besi, mrefu, mpole, anayecheka mwenyewe. Kulikuwa na Kinanda, ambaye alikuwa anajua muziki kutuzidi sote na hakuacha tusahau. Mimi nilikuwa Solo. Na Dramu. Huyu alikuwa hawezi kukaa bila kupiga kitu. Darasani alipiga dawati, mezani alipiga sahani, mwalimu wa hesabu alishamtoa nje mara sijui ngapi kwa kosa la vidole.

Roki tuliipata sokoni. Wakati ule kulikuwa na vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, shilingi 50 wimbo mmoja, na kijana mmoja wa kibanda alikuwa na folda aliyoiandika WAZUNGU KELELE. Haikuwa na mnunuzi. Kila mteja alitaka Bongo Fleva, dini, taarabu, na singeli ndiyo ilikuwa inaanza kupanda kutoka Dar. Akatuuzia folda nzima kwa shilingi 500, tena huku akituonea huruma. Ndani yake nyimbo nyingi hazikuwa na majina, zimeandikwa namba tu. Tulikaa wiki nzima chini ya mwembe wa kina Kinanda tukisikiliza kwa simu moja, wanne, vichwa vimegusana kama mbuzi wanaokula pumba.

Mojawapo ya bendi tulizozitambua ilikuwa Queen. Nilipokuja kusoma kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake iliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, nilikimbia nalo nyumbani kama ngao. Baba alikuwa ameshaanza kulalamika juu ya kelele.

"Baba, huyu anayeimba ni mtoto wa Unguja."

Baba akasikiliza kidogo. Akasema, "Ndiyo maana walimhamisha."

Kucheka nilicheka, maana baba yangu hana utani mwingi, na akitoa mmoja ni lazima uupokee kwa mikono miwili. Alikuwa mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya kanisa. Ana mwandiko mzuri sana, ule wa zamani, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Mihtasari yote ya kamati aliiandika yeye. Kama kuna kitu nimekirithi kwake, ni hiki cha kushika kalamu.

Mlinzi wa kanisa alikuwa baba yake Dramu. Mzee huyu alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa miaka kadhaa alikaa Kapiri Mposhi, kule Zambia, mwisho wa reli. Baadaye akarudishwa upande wa huku, Mlimba, na wafanyakazi walipopunguzwa na yeye akapunguzwa. Akaja mjini na mkewe na sanduku la chuma. Mimi nilimjua akiwa na koti refu, tochi na rungu.

Siku ya kwanza alipotusikia tukijaribu kupiga ile kelele yetu baada ya mazoezi ya kwaya, tulijua tumekwisha. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akatuuliza, "Wanangu, mnawajua WITCH?" Tukadhani anatuita wachawi kwa Kiingereza. Kumbe ni bendi. Akakaa kwenye benchi la nyuma akatuhadithia. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi za roki tele, akina WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na bendi yake, vijana waliovaa suruali pana chini na kupiga magitaa yanayonguruma, wengine wakiimba Kinyanja na Kibemba. Fedha ilitoka kwenye shaba. Bei ya shaba ilipoanguka, muziki nao ukaanza kupungua, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wa wapigaji wenyewe. Mzee alisema kichwa cha treni kikipanda mlima na mzigo, kinaguna vilevile kama gitaa la Paul Ngozi. Alilisema hilo kwa uso wa mtu anayemkumbuka mchumba.

Kuanzia hapo akawa anatuachia ufunguo. Alhamisi na Ijumaa, saa mbili usiku hadi saa nne. Sharti lake lilikuwa moja tu: tufunge madirisha ya upande wa barabarani.

Mbele ya watu tulipiga mara mbili katika maisha yetu yote ya bendi. Mara ya kwanza ilikuwa sherehe ya kipaimara ya mdogo wake Besi. Tulipiga nyimbo mbili. Watoto walicheza, maana watoto hucheza chochote, hata jenereta. Wakubwa walinyamaza na soda zao. Baada ya wimbo wa pili mjomba mmoja alikuja kwa adabu kabisa, akaniwekea noti ya shilingi 2,000 kwenye mfuko wa shati, akasema, "Vijana, hebu tupigieni Mbaraka."

Ndugu msomaji, kama hukukulia Morogoro huwezi kuelewa uzito wa ombi hilo. Huu ni mji wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba, mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, na sisi tulizaliwa karibu miaka ishirini baadaye, lakini kila mpiga solo wa mji huu anapimwa kwa kidole chake. Solo ile ni safi, kila noti imeoshwa, unaweza kuihesabu. Sisi tulikuwa tunatafuta kinyume chake. Nilijaribu kumpigia mjomba vijistari viwili vitatu, nikaharibu, akaniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa chumvi. Fedha hakuichukua, lakini nilitamani aichukue.

Usiku ule nilijua tatizo letu. Hatukuwa Mbaraka na hatukuwa roki. Gitaa la kanisa likiunganishwa kwenye miksa lilitoa sauti nyembamba, tamu, ya sadaka. Ile ngurumo haikuwepo. Nilikwenda kwa fundi redio mmoja pale sokoni nikampigia wimbo kwenye simu, nikamuuliza mlio ule unatengenezwaje. Alisikiliza huku anauma waya. Akasema, "Hilo ni kosa. Ampilifaya imezidiwa. Mlio ukiwa mkubwa kuliko uwezo wake, inaukata juu na chini, ndiyo unasikia huko kukwaruza. Mimi watu wananiletea nikiondoe, wewe unataka kukiweka?" Akacheka mpaka jirani yake akaja kuuliza kuna nini.

Tulijaribu kuongeza sauti hadi mwisho. Majirani walilalamika kabla spika haijalalamika. Tulijaribu kuchomeka gitaa kwenye redio kaseti ya kina Besi, ikatoa moshi. Halafu siku moja nikasoma kwenye simu habari ya Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya Kinks ya Uingereza, kwamba mwaka 1964 aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe, na spika iliyochanika ikampa mlio uliomtoa kimaisha. Wembe tu. Kitu cha shilingi mia.

Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa Oktoba, na sisi wa kidato cha tatu tulipewa nafasi ya kutumbuiza. Ijumaa moja kabla ya hapo niliwahi kanisani kabla ya wenzangu. Mzee alikuwa uani anazunguka na tochi. Nikaigeuza ile spika ndogo, nikafungua wavu kwa bisibisi, nikaiona karatasi yenyewe, nyeusi, laini, kama ngozi ya ngoma ya mtoto. Nikaweka wembe. Nakumbuka nilipumua kwanza. Nikakata mstari mmoja, urefu wa kidole. Halafu mwingine. Nikarudisha wavu, nikachomeka gitaa.

Sijui niseme nini juu ya mlio ule. Nimejaribu kuuandika mara nyingi na kila mara nimeshindwa. Ilikuwa kama gitaa limepata koo. Wenzangu walipoingia walisimama pale mlangoni pamoja na Mzee nyuma yao, na Dramu hakusema hata neno, alitembea moja kwa moja hadi kwenye dramu zake akaanza kupiga. Nikawaambia spika imeanza kuchoka yenyewe, tuitumie hivyo hivyo kabla haijafa. Walinifurahia. Hakuna aliyeuliza. Nafikiri hakuna aliyetaka kuuliza.

Kuipeleka shuleni tulihitaji ruhusa ya kamati, na ruhusa ya kamati isingetoka kwa muziki ule. Mzee akasema, "Chukueni asubuhi, irudi kabla ya jioni." Tukaikodia bajaji, tukaifunika kwa shuka.

Mwendesha sherehe alituita "kwaya ya vijana", kwa sababu tulikuwa tumebishana jina la bendi miezi minane bila kuafikiana. Tukapanda. Tulipiga dakika kumi na moja. Katikati ya wimbo wa kwanza mwalimu mmoja alikuja mbio kuangalia nyaya, akidhani kifaa kimeharibika, na alipoinama pale mbele ya spika, Dramu akapiga mapigo manne ambayo hatukuwahi kuyafanyia mazoezi, nami nikaingia nayo, na mwalimu yule akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Shule nzima ilipiga kelele. Nyuma ya mahema niliiona milima ya Uluguru imetoka kwenye mawingu, na nikawaza, hata kama nitaishi miaka themanini, ninajua sasa inavyokuwa. Nimekwisha kufikia ishirini na kadhaa na bado sijapata kitu cha kukifananisha nacho. Siyo mapenzi, siyo fedha, na kuandika ndiyo usiseme.

Jumapili ya pili yake mwimbaji kiongozi wa kwaya alisimama mbele ya ile spika akaanza pambio, akasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kama mbu ndani ya kopo. Akaacha kuimba. Mchungaji akageuka. Fundi wa sauti akafungua wavu palepale, watu wakiona.

Kamati ilikaa Jumatano. Sisi wanne tuliitwa tukasimama ukutani. Swali lilikuwa nani aliitoa spika kanisani, na jibu lilikuwa wazi: aliyekuwa na ufunguo. Mzee alikubali. Hakujitetea, alisema tu, "Niliwaachia watoto, nilikosea." Basi wakahitimisha kuwa spika imechanika katika kubebwa. Mtu mmoja, fundi wa sauti, alisema michaniko ile imenyooka mno. Alisema hivi: "Imenyooka kama ya rula." Nikamwangalia baba. Kalamu yake ilikuwa imesimama. Halafu ikaendelea.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu kuliko mnavyodhani. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama kuna mwenye nyongeza, na mara ya pili alituangalia sisi. Besi alikuwa analia. Mimi nilitazama viatu vya Mzee, viatu vya reli, vile vizito vyenye chuma mbele, ambavyo alikuwa bado anavivaa miaka yote hiyo.

Wakaamua akatwe shilingi 20,000 kila mwezi hadi spika ilipwe. Shilingi 20,000 wakati ule ilikuwa ada ya mwaka mzima ya shule ya kutwa ya serikali. Mwezi wa pili wa kukatwa, wakaona heri watafute mlinzi mwingine. Januari 2015, wenzetu tulipokuwa tunaandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne, Dramu hakuwemo. Alikuja wiki mbili, akakaa nyuma, hapigi dawati. Wiki ya tatu hakuja. Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Mwaka mmoja tu.

Bendi haikuvunjika kwa ugomvi kama bendi za kwenye vitabu. Haikuwa na vyombo, basi. Mimi nilifanya mtihani nikapata divisheni foo. Baba hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Siku hizi nakaa kwenye duka la stesheneri, napiga chapa barua na wasifu wa watu wanaotafuta kazi, na jioni naandika riwaya yangu. Riwaya hiyo ina bendi ya roki. Nimeiandika mara tatu sasa. Katika andiko la kwanza spika inachanika yenyewe. Katika la pili anaichana mhusika mwovu, kijana wa tajiri. Katika la tatu shujaa anaichana, lakini anasimama mbele ya kamati na kukiri kwa hotuba ya kurasa mbili. Rafiki yangu mmoja aliyesoma andiko hilo alisema hotuba ni nzuri ila huyo kijana haaminiki.

Mwaka 2023 nilimkuta Dramu stendi ya Msamvu, ana bodaboda. Nilikuwa nimekuwa nikimwona kwa mbali muda mrefu na kubadili njia. Siku hiyo mvua ilitubana chini ya kibanda kimoja, hakukuwa na pa kubadilia.

"Solo!" akaniita. Tukashikana mikono. Akaniuliza kama bado napiga, nikasema sipigi, naandika. Akasema sawa, yote kelele. Vidole vyake vilikuwa juu ya tangi la pikipiki, vinapiga polepole, na nikautambua ule mpigo, ulikuwa wa mahafali. Nikamuuliza habari za Mzee. Akasema yupo, macho yanasumbua, bado anasikiliza redio usiku kucha.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema, "Ile spika niliichana mimi. Kwa wembe."

Hakuacha kupiga tangi.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Mzee alikuona dirishani na tochi yake. Siku ileile alituambia nyumbani. Alisema alitaka kukukemea, halafu ukachomeka gitaa." Akatabasamu kidogo. "Akasema alijiona yuko Kapiri."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini siku ya kamati hakusema.

Dramu akaniangalia kama vile nimeuliza swali la mtoto.

"Angesema, halafu? Baba yako ndiye aliyekuwa anaandika."

Abiria mmoja akatoka mbio kwenye basi la Dodoma na begi kichwani, akauliza Kihonda bei gani. Dramu akafuta kiti kwa mkono, akavaa kofia yake, na mvua ilikuwa bado haijakatika walipoondoka.